Bunduki ya Kijiji Iliyoundwa Mezani Kwangu

Sanduku lilipanda mlima kutoka Hedaru mabegani mwa wanaume waliokuwa wakipokezana, likashushwa mlangoni kwangu bila mtu kuniuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage. Mwenyekiti wa kijiji alifika nyuma yao akihema, kofia mkononi. Akanisalimia, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akaniambia kwamba mle ndani mna bunduki.

Nikamuuliza ni bunduki ngapi.

Akasema bado haijajulikana.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Vita vilikuwa vimekwisha, na maduka yalibaki na rafu na mwenye duka. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai, na sukari ilikuwa kitu cha kusimuliana. Kitu ambacho hakikuadimika hata siku moja kule milimani kwetu ni nyani. Walishuka kutoka msituni asubuhi kama watu wanaokwenda kazini, wakaingia kwenye mahindi, wakavunja, wakaonja, wakatupa, wakavunja mengine. Nguruwe pori walichukua zamu ya pili. Tulipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikakauka, na nyani wakazoea kelele zetu kama sisi tulivyozoea kengele ya kanisa.

Mwenyekiti alikuwa amekwenda wilayani Same mara nyingi kuomba bwana nyamapori aje atusaidie. Bwana nyamapori alikuwepo, gari lake pia lilikuwepo, ila halikuwa na matairi. Mwishowe, kwa kumwonea huruma au kwa kumchoka, wakampa sanduku la vipande vya bunduki za jeshi za wakati wa Mwingereza, zilizokuwa zimelala stoo miaka yote hiyo. Wakamwambia kama kijiji kina fundi, basi aunde bunduki moja kutokana na vipande vile, aipeleke polisi ikaguliwe, iandikishwe, na itakuwa mali ya kijiji. Mwenyekiti akakumbuka kwamba mume wangu alikuwa fundi silaha jeshini. Ndiyo maana sanduku lilikuja kwangu.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka jeshini na koti, suruali, viatu vizito, na tabia ya kupanga kila kitu kwenye mstari. Hata viazi alivipanga kabla ya kuvimenya. Mtu wa maneno machache, lakini alipofungua lile sanduku akaona vile vyuma, baadhi vimepinda, baadhi vimeshikwa na kutu, vitako vyote vimetafunwa na mchwa, alianza kupiga mluzi. Nilikuwa nimeolewa naye miaka kadhaa na sikuwa najua kwamba anaweza kupiga mluzi.

Meza yetu ilikuwa moja. Kuanzia siku ile tulikula chakula mapajani, na meza ikawa ya vyuma. Kila asubuhi alivisugua kwa mchanga na majivu, akavifuta, akavipanga tena upya. Mafuta ya mashine hayakupatikana hata kwa kujuana, kwa hiyo akaanza kuitazama samli yangu. Nilipoona inapungua nikaihamisha. Siku moja akaniita kwa upole uliozidi.

"Mama watoto, ile samli iko wapi?"

"Imekwisha."

"Jana niliisikia kwenye makande."

"Huko ndiko ilikokwishia."

Hakubisha. Alichukua mafuta yake ya kupaka ngozi, na masika yote yale alitembea na mikono iliyopauka, bunduki inang'aa.

Kisha kikapotea kipande. Kilikuwa kikingio cha triga, chuma kidogo kilichopinda kama mkono wa kikombe. Alitafuta chini ya meza, uvunguni, kwenye majivu ya jikoni, mpaka akawasachi kuku kwa macho. Alinihoji mimi, akawahoji watoto. Ilipita wiki nzima kabla hajakwenda kumwamkia mama yake, aliyeishi nyumba ya pili ng'ambo ya migomba, akakiona ukutani. Mama mkwe alikuwa amekipigilia misumari akatundikia koroboi.

Hakutaka kukirudisha. Alisema alikiona kimekaa tu bila kazi, akakipa kazi, na sasa hakuna sababu ya kukiachisha. Mume wangu alimweleza kwamba bila chuma kile bunduki haitakamilika. Mama yake akamjibu kwamba yeye anahangaikia kitu cha kuulia wakati mamaye anahitaji kitu cha kuonea. Ilibidi akunje waya mnene, autengenezee ncha nzuri iliyopinda kama ua la boga, aje aupigilie yeye mwenyewe, ndipo akapewa chuma chake.

Likabaki suala la kitako. Mbao kavu haikupatikana, na mti mbichi ungepasuka. Niliona macho yake yakizunguka nyumba nzima mpaka yakatua kwenye kitanda chetu. Ubao wa kichwani ulikuwa wa mkangazi, umechongwa maua mawili, zawadi ya baba yangu siku ya harusi. Alianza kwa kuusifu. Aliusifu asubuhi na jioni, na hapo nikajua. Nilimwambia aseme anachotaka, akasema, na mimi nikakubali kwa sharti moja, kwamba bunduki hiyo ikishaundwa ianze kulinda shamba langu kabla ya la mwenyekiti. Tukapeana mikono kama watu wa sokoni. Usiku ule tulilala vichwa vimegusa ukuta.

Alichonga vizuri sana. Bunduki ilipokamilika ilikuwa na mtutu mweusi, chuma cha kijivu, kitako chekundu kilichoiva, na ubavuni mwa kitako petali mbili za ua ambazo hakuwa na moyo wa kuziondoa. Majirani walikuja kuitazama. Waliiangalia kwa heshima, mikono nyuma, kama wanavyomtazama bibi harusi.

Siku ya ukaguzi nilishuka naye Same, maana nilisikia sabuni imeingia. Haikuwa imeingia. Kwa hiyo nilikuwepo kituoni askari walipoipokea, wakaifungua, wakaitazama kwenye mwanga, wakaenda nayo nyuma kwenye kichuguu cha mchanga. Tukasikia mlio, kisha mlio wa pili. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi anatazama viatu vyake. Walirudi wanatabasamu. Mkuu wao alisema ni nzima, ila angependa kujua lile ua ni alama ya kikosi gani. Mume wangu akanitazama. Nikamwambia mkuu ni alama ya kitanda changu, naye akaandika kitu ambacho sikukiona.

Mwenyekiti, aliyekuwa ametutangulia, akauliza kuhusu risasi. Mkuu akavua kofia. Akatueleza kwa adabu kwamba zile mbili zilizopigwa ndizo zilikuwa za mwisho za saizi ile, na kwamba za namna hiyo zimeacha kuagizwa siku nyingi, fedha za kigeni hakuna. Akasema bunduki yetu ni nzuri, ila itabidi iwe na subira.

Tulirudi na lori la mzigo mpaka Hedaru. Mwenyekiti alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia, bunduki imelazwa kati yetu imefungwa kwenye kanga yangu. Tukapita Makanya. Kisha nikamsikia mume wangu anatikisika. Nilidhani analia, nikageuka kumtuliza, nikakuta anacheka. Na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka dereva akapunguza mwendo akidhani tunamwita.

Mwenyekiti aliagiza kwamba habari ya risasi isisemwe popote, kwa ajili ya usalama na heshima ya kijiji. Jumapili ile kila mtu kanisani alikuwa anaijua. Waliobaki hawajui ni nyani, na kwao tukaitunza siri kwa moyo mmoja. Wanaume walipangwa zamu, na kila mmoja alitembea kingo za mashamba na ile bunduki begani. Nyani waliokuwa wamezoea madebe yetu walipoiona tu walipanda juu. Sijui waliijuaje. Huenda babu zao waliwahi kukutana na za Mwingereza.

Tatizo ni kwamba dhiki iliwashusha wanaume nao. Mmoja mmoja waliteremka tambarare kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakaenda mbali zaidi, na zamu ikaangukia kwa wanawake. Nyani hawamwogopi mwanamke. Kila mwanamke wa mlimani anajua hilo. Zamu yangu ya kwanza nilikwenda na gauni na kilemba, bunduki begani, na dume moja kubwa likakaa juu ya jiwe, likanitazama machoni, likaendelea kumenya hindi langu. Nilipolipungia bunduki likajikuna.

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikavaa suruali ya jeshi ya mume wangu, nikaikaza kwa kamba, nikavaa koti lake na kofia, viatu nikavijaza matambara. Yeye alikuwa kitandani na homa ya malaria. Alinitazama nikivaa, akaniambia kwa sauti dhaifu kwamba mguu wa kushoto yeye huutupa kidogo nje. Nikautupa nje. Nilipotokea shambani natembea hivyo, lile dume liliacha hindi likaondoka na jamaa yake yote.

Nikawa narudi kwa furaha, kofia imeshuka usoni, nikakutana njiani na mwinjilisti. Mzee yule macho yake hayakuwa mazuri. Alinisimamisha akaniita kwa jina la mume wangu, akaniuliza mbona sionekani kanisani. Niliinamisha kichwa nikaguna. Akanipa mawaidha marefu kuhusu watu waliorudi kutoka jeshini wakasahau kwamba kuna Mungu. Nikaguna tena. Alipomaliza akalegea, akasema nimsalimie mke wangu, ni mwanamke mzuri, na kwaya inamhitaji, ila nimwambie kwa upole kwamba sauti yake ikipanda huwa inawaacha wenzake chini. Nikaahidi kwa kutikisa kichwa.

Nilipomsimulia mume wangu, alicheka mpaka homa ikamtoka kwa jasho. Jumapili iliyofuata, alipopona, alikwenda kanisani, na baada ya ibada akanisogelea mbele ya mwinjilisti akaniambia, bila kutabasamu, kwamba ameagizwa anifikishie ujumbe kuhusu sauti yangu.

Wanawake wengine nao wakaanza kuazima suruali za waume zao siku za zamu, na wazee wakaitisha kikao. Walisema si desturi, si Ukristo, na watoto wanaona. Yalisemwa mengi. Kisha mama mkwe wangu akasimama, mwanamke ambaye hajawahi kuvaa kitu kisichofika chini ya magoti, akauliza kama yupo mzee aliyepungukiwa na chochote kwa sababu ya suruali zile, mbali na wale wa msituni. Kikao kikahamia kwenye ukarabati wa mfereji.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikawaachia watu waagize na kuuza bidhaa watakavyo. Ilikuja polepole, na kwetu ilikuja kwa malori. Soko la Hedaru lilijaa mitumba, marundo yamemwagwa juu ya maturubai kando ya barabara, na wanawake wa kwetu wakashuka kununua suruali wakisema ni za shamba. Mimi nilipata ya kitambaa kizito cha kijivu, ya mtu fulani wa Ulaya mwenye kiuno kama changu. Sabuni ilirudi. Na siku moja mwenyekiti alipanda mlima akiwa na kiboksi kidogo amekikumbatia kifuani. Risasi.

Ilibidi iwe sherehe. Watu walikusanyika kwenye kiwanja kilichopakana na mashamba ya viazi vitamu, kwaya ikaimba, mimi nikajitahidi kutowaacha wenzangu chini. Mwenyekiti akamkabidhi mume wangu bunduki apige ya kwanza kuelekea mlimani, upande usio na mtu. Mume wangu aliikagua, akaijaza, kisha akairudisha kwa mwenyekiti akisema heshima hiyo ni ya kiongozi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu, nikaona amerudi nyuma hatua mbili. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

"Nimetengeneza nyingi sana," akasema. "Sijawahi kupenda kuzisikia."

Nilimshika mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo. Mwenyekiti akalenga, akafumba macho yote mawili, akafyatua. Mlio ulikwenda ukarudi kutoka kila bonde. Yeye alikwenda kinyumenyume akakaa katikati ya tuta la viazi, kofia imemfunika uso. Akasema kutoka chini ya kofia kwamba inafanya kazi. Sijawahi kusikia watu wengi wakicheka pamoja namna ile, wazee kwa watoto, na mwinjilisti akijifuta machozi kwa kitabu cha nyimbo.

Kitako kilikuwa kimepasuka, ufa umepita katikati ya lile ua. Mume wangu aliupapasa kwa kidole, na mimi niliyemjua nikaona kwamba ameshusha pumzi. Wakamwuliza itachukua muda gani kuitengeneza. Akasema inategemea mbao, mbao lazima ikauke. Kila walipomwuliza, mbao ilikuwa bado haijakauka. Ilipotoka amri ya kurudisha silaha za vijiji polisi, aliibeba mwenyewe mpaka Same, akaikabidhi, akarudi siku ileile na kilo mbili za sukari.

Kufikia wakati huo watu walikuwa wanamletea vitu vingine. Ruksa ilileta redio, cherehani, saa, taa za karabai, na vyote viliharibika. Alikodi kibanda Hedaru, karibu na mabasi yanaposimama, na baada ya mwaka nikateremka na watoto kumfuata, nikaanza kuuza chai na chapati ng'ambo ya barabara. Mchana alikuwa akivuka kuja kula, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anakaa na madereva anawasikiliza. Wiki ya kwanza aliniuliza kama ninajuta kuuacha mlima. Nilimwambia joto la huku ni baya na vumbi linaingia kwenye unga, lakini hapana. Akamaliza chai yake, akavuka barabara, akarudi kwenye cherehani ya mtu iliyokuwa imefunguliwa juu ya benchi, na nilimsikia kutoka kule anapiga mluzi, ingawa malori yalikuwa mengi siku ile.