Tembo wa Uzi wa Kijivu

Mwanamke anayedarizi kadi pale Machochwe hulowesha ncha ya uzi kwa mate, kisha huipitisha kwenye sindano kwa kupapasa, maana macho yake yalishachoka kabla ya mikono. Miaka yote ni tembo yuleyule wa kijivu, mkonga juu, jicho likishonwa mwisho. Asubuhi moja alifika kazini na matope hadi magotini. Usiku, tembo kutoka hifadhini walikuwa wamemaliza mahindi yake yote shambani. Alikaa, akadarizi kadi kumi. Saida, anayezipeleka kwa watalii Mugumu, alizitazama moja moja.

“Mama, mbona leo ni matako na mikia tu? Wageni wanataka sura.”

“Sura zao nimeziona,” alisema, akilowesha uzi mwingine. “Hawa nawarudisha hifadhini.”