Mganga wa Sumu

Kila mapumziko ya asubuhi, yule dereva wa tramu hukaa dirishani kwenye kantini yetu hapa mjini Tampere, kahawa huku, andazi la iliki huku, akapanga kadi zake kwenye simu. Mchezo wenyewe unakutaka uchague kikosi cha kadi tano kabla hujaona cha mpinzani, kwa hiyo kazi yote ni kukisia atakuja na nini. Yeye hukisia kwa sauti ya chini, utadhani mtu kaketi mbele yake: "Utaanza na nyoka, nakujua. Utajifanya mpole, halafu unimwagie sumu." Kidole chake kinene hugusa joka, kikasita, kikaliacha, na mwisho kikamrudia mganga, kile kibibi chenye bakuli kinachotibu sumu.

Lakini siku hizi kila mchezaji anatumia kadi za moto. Jana kikosi chake kiliteketea hata andazi hajaling'ata. Tarmo, fundi wa breki, akaangua kicheko: "We mzee, nani anacheza sumu siku hizi? Ni mwenzetu Raili tu, na Raili kastaafu, kahamia Oulu, hajagusa mchezo tangu theluji ilipoyeyuka. Kitoe hicho kibibi!"

Dereva alikifuta kioo cha simu kwa mkono wa sweta. Juu kabisa kwenye orodha ya wapinzani wake, kwa rangi ya kijivu ya asiyekuwapo mchezoni, lilikuwapo jina la Raili.

"Akirudi akanikuta sina mganga," alisema, "atajua sikuwa namsubiri."