Kabureta ya Akiba

Mdogo wangu anashona viti vya magari, na ni cherehani yake iliyomnunulia aliyekuwa mumewe, tuliyemwita Bwana Tai, magari mawili. La kwanza lilikuwa la mviringo kama kobe, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli. La pili lilikuja miaka mingi baadaye: refu, lina redio, na mkiani lina mapezi kama samaki. Siku alipolileta, kiti cha mbele alikaa mwanamke mwingine.

“Wewe na hicho kikopo mnafanana,” alimwambia mdogo wangu mbele ya majirani, akilionyesha lile gari la kwanza. “Bakini pamoja.”

Nilikuwepo, nimeshika ndoo.

Sasa yote mawili ni magari ya kale, na watu wanayapiga picha. Mwaka jana Bwana Tai aliombwa aongoze msafara wa magari hayo, kabureta yake, ile ya kuchanganya petroli na hewa, ikapasuka, gari likawa haliwaki. Magari yale ni ya kiwanda kimoja, kabureta ya moja inafaa kwenye jingine, na mdogo wangu ndiye peke yake aliyekuwa na ya akiba.

Bwana Tai akaja, akatukuta tukisimamia waashi wanaomwaga zege la sakafu ya karakana mpya ya mdogo wangu.

“Mama watoto, yaliyopita si yamepita?”

“Kwako. Mimi hata rangi ya viatu vya yule mwanamke naikumbuka. Unataka kabureta? Waambie hawa waashi gari lipi bora.”

“Aa, lako... si baya.”

“Kwa sauti, kama siku ile.”

Akakohoa. “Langu zuri kwa macho. Lake bati nene, tena liko juu, halichagui barabara. Betri ikifa, unazungusha hendeli unakwenda zako. Langu betri ikifa, ni kabati.”

“Kabati la samaki, mzee!” akadakia mwashi mmoja. Tulicheka mpaka machozi.

“Na mwenye kikopo je?”

“Nilimkosea,” akasema, akitazama chini.

Mdogo wangu akaifungua kabureta kwenye kitambaa. Bwana Tai akanyoosha mikono yote miwili. Mdogo wangu akampita, akaitia kwenye zege, akaikandamiza kwa ubao hadi ikazama.

“Mwanamke, una wazimu!”

“Lainisheni hapo, wanangu,” akawaambia waashi.

Wapo waliosema angesamehe tu. Mimi nilimwambia mdogo wangu kwamba kachelewa kulipiza. Msafara aliuongoza yeye na kikopo chake, mimi nimekaa kiti cha mbele. Na cherehani kaiweka papo hapo juu ya ile kabureta, kila akishona anaikanyaga.