Siku Watalii Walipotoa Pole Kambini Kwangu

Najua wengi wenu mmeshaiona ile video, na waliotumiana wanajijua, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mwendelee kusikia ile habari ya vijiweni inayosema nililia. Sikulia. Lilikuwa jasho, ila lilitokea machoni.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Deo, mtoto wa kijiji cha Mwazye, nina stashahada ya utalii, nimefanya kazi hoteli za Arusha miaka saba bila kushikwa mkono na mjomba wala shangazi, na niliporudi nyumbani nilirudi na suti mbili na wazo ambalo Ufipa nzima hakuna aliyekuwa nalo: kambi ya mahema kwa watalii wanaokwenda Maporomoko ya Kalambo. Kiwanja nilikuwa nacho, kipande cha marehemu baba bondeni kando ya kijito, na nyasi zake nilizipunguza kwa fyekeo mwezi mzima hadi zikawa kama zulia. Mvua zilikuwa zimeisha, maporomoko bado yamejaa, watalii ndiyo kwanza wanaanza kumiminika, na Ambakisye, dereva wa watalii kutoka Mbeya, akanipigia simu.

"Kaka, Jumamosi nakuletea sita. Wakilala vizuri, kila wiki una kundi hadi msimu uishe. Wasipolala vizuri, namba yangu uifute."

Msomi nikakaa nikawaza. Kambi tupu haina mvuto, wageni wanataka kupokelewa na watu, shangwe, vigeligeli. Nikamwomba Mama apike pombe ya ulezi, mapipa matatu, na ilipokaribia kuiva nikafunga spika kwenye pikipiki nikazunguka vijijini mwenyewe: "Jumamosi asubuhi, kwa Deo bondeni, pombe bure! Njooni wote!" (Arusha tuliita hiyo mbinu ya kuvuta umati, na mtihani wake nilipata alama ya juu.)

Mama akaniuliza, "Deo, unawaitia kazi gani?"

"Hakuna kazi, Mama. Hilo ni tangazo la biashara."

"Pombe bila kazi?" Akanitazama kama anayemtazama kuku aliyevaa viatu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa nikaenda Sumbawanga mjini kuchukua bango langu na kuwapokea wageni, na Jumamosi asubuhi tukaondoka, mimi kiti cha mbele, suti, tai nyekundu, nikiwasimulia njia nzima kwa Kiingereza changu cha Arusha jinsi watakavyolala juu ya nyasi laini katika ukimya mtupu. Mama akapiga simu. Nikakata, kwa sababu nilikuwa laivu na watu walikuwa wanatazama. Akapiga tena, nikakata tena. Ya tatu nilikata kwa hasira kabisa.

Tulipofika nikashuka wa kwanza, nikaielekeza simu bondeni bila hata kuangalia, nikatangaza, "Na sasa, ndugu watazamaji, lile zulia la Ufipa!"

Zulia halikuwepo. Kulikuwa na matuta, yale makubwa ya mviringo tunayoyaita ntumba, udongo mbichi mweusi juu na nyasi zangu zote zimefukiwa chini, safu kwa safu kutoka kijitoni hadi barabarani, na katikati yake watu kama sitini wenye majembe wanaimba.

Bibi mmoja wa Kizungu akavua kofia, wenzake nao wakavua, kisha akanishika bega na kuniuliza kwa sauti ya kanisani, kwa makaburi yote yale, wamekufa wangapi.

Na mimi nikamjibu asante. (Asante! Kwa msiba ambao haupo!) Kwenye simu nako maoni yalikuwa yanashuka kama mvua ya mawe: "Pole Deo", "Mazishi saa ngapi?", na mshikaji wangu mmoja wa mjini, "Hapo watalala usiku mmoja au milele?"

Baba Skola, mzee jirani yetu, akaja anajifuta udongo mikononi, uso umejaa furaha. "Mwanetu, tumekuwahi! Kimebaki kipande kile tu. Umechelewa kidogo kuita watu, lakini bonde lako bado lina unyevu, maharage yatakubali."

"Nani aliwaambia mlime?" nikafoka, bila hata shikamoo.

Wimbo ukakatika.

"Wewe," akasema polepole. "Umetangaza pombe. Anayetangaza pombe ana shamba. Au ulidhani tutatoka majumbani asubuhi yote hii kuja kunywa bure kama watu wasio na kwao?"

Jamani, hilo nilikuwa nalijua! Kwetu mtoto analijua kabla hajajua kuandika jina lake. Pombe ya jirani ikiiva unabeba jembe, nami utotoni nilipeleka maji kwa walimaji wa namna hiyo mara nyingi tu. Sijui Arusha nililiacha kwenye kabati gani.

Mama akanijia na jembe. "Kwanza salimia. Halafu omba radhi. Halafu lima, mwenye pombe hasimami pembeni na tai."

Nikatoa shikamoo mbele ya watu sitini, nikaomba radhi, nikavua koti. Tuta langu la kwanza likabomoka. La pili likawa kama mkate uliokaliwa, akina mama wakacheka hadi mmoja akakaa chini: "Njooni muone, msomi analima kama anakuna mgongo!" Ambakisye ndipo akawaeleza wageni kwamba hakuna aliyekufa, na yule bibi wa kofia akacheka kuliko wote, akaomba jembe. Kufikia saa sita kipande kilikuwa kimekwisha, watalii wana udongo hadi kwenye nyusi, kibuyu kinazunguka, nao wanaitikia wimbo wa Kifipa wasioujua hata neno moja.

Likabaki suala la kulala, maana hema halisimami juu ya tuta. Baba Skola, yuleyule niliyemfokea, akafagia uwanja wake wa kupuria ulezi, uliosiribwa ukawa laini kama sakafu. "Waleteni hapa. Wageni wako ni wageni wetu."

Jumapili Ambakisye akiwa anapakia mizigo, sikuweza hata kumuuliza. Akaanza mwenyewe. "Kaka, wamelala kama magogo. Wiki ijayo wanane."

Nikaruka juu.

"Ila hao wanane nimewaahidi kulima. Usije ukawaonyesha nyasi."

Basi nimeapa: sitatangaza tena pombe bila kutaja kazi, na simu ya Mama sitaikata hata nikiwa naongea na rais. Bango jipya limeandikwa "Lima Matuta na Wenyeji", na mtalii akiniuliza wazo hilo lilitoka wapi, namwambia ni matokeo ya utafiti wangu wa muda mrefu. Isipokuwa Mama akiwa karibu. Hapo nashika jembe, nanyamaza.