Fedha Ilikuwa ya Mashine

Nilikuwa Arua, kaskazini mwa Uganda, sijaamua bado nielekee wapi, dereva mmoja wa lori aliponiambia kwamba yule mama wa Koboko mwenye mashine ya kusaga muhogo amezikwa. Nikaahirisha safari, nikakaa chini kuandika.

Nilimfanyia kazi misimu miwili, nikipakua magunia. Shule niliiacha mapema, na nilidhani uzalishaji ni injini, dizeli na migongo yetu. Sikujiuliza kwa nini wakulima wa Ludara walizipita mashine nyingine, baiskeli zimesheheni muhogo mkavu, wakaja kwetu. Walikuja kwa sababu mama alilipa taslimu, gunia likishuka tu kwenye mizani.

Katikati ya msimu wa kwanza kaka yake akafariki. Baba yao mdogo akaja na wazee wa ukoo kutaka fedha za kununulia muhogo zikanunue ng'ombe wa matanga. Kwao, kuwanyima wafiwa ni kujitenga na ukoo, na mama alilijua hilo kuliko sisi wapakuaji.

“Mutoto yangu,” baba mdogo akasema, “pesa iko kwa sanduku, ndugu yako iko chini ya udongo. Unangoja nini?”

“Baba, hii si pesa yangu. Hii ni mkanda ya mashine. Ukitoa mkanda, injini italia tu, unga hakuna. Chukua mbuzi yangu yote. Chukua unga.”

Walichukua vyote viwili, na kwa miezi mingi hakuna ndugu aliyekanyaga kwake. Kisha biashara ya mpakani ikayumba. Wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini wakaja na noti ambazo hakuna aliyezitaka, na shilingi zikaadimika. Mashine za jirani zilikuwa na dizeli na watu, lakini zikasimama, kwani hazikuwa na cha kununulia muhogo. Yetu ikaendelea kunguruma. Mkulima akiuza kwetu asubuhi, mchana alinunua chumvi na sabuni sokoni, na jioni mwenye duka alitufuata kununua unga. Siku moja yule baba mdogo naye akaja, akisukuma baiskeli yenye gunia lake. Mama akampima kama wengine, akamlipa, akamwandalia chai. Wakainywa pamoja.

Husemwa kwamba fedha haitoi jasho. Ni kweli, lakini jasho letu sote lilipita mkononi mwa mama. Kuna fedha ya kula na fedha ya kufanyia kazi; anayekula ya pili hajilazi njaa peke yake, huwalaza njaa hata watu asiowajua.