Nyumba Inauzwa, Bomba la Ukutani Haliuzwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa ndani ya ardhi kwa kamba. Nilikuwa msichana mwembamba, nimeacha shule darasa la tatu, na wembamba ndio ulionipa kazi, kwa sababu mdomo wa tangi la Nyumba ya Mawe haupitishi mtu mwenye mwili. Mama yangu alinifunga kamba kiunoni, akanipa karai na brashi ya mkonge, akasema, "Ukifika chini usilie. Kilio huko kinarudi mara tatu." Nikafika chini nikalia. Kikarudi mara tatu, na wanawake waliokuwa juu wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo.

Nawaandikia nyinyi wasichana mliozaliwa mkiyakuta maji yakitoka kwenye ukuta ule, mkadhani ukuta una huruma. Naandika kwa mkono wa mjukuu wangu Mwende, nikiwa na hasira, na sitaificha. Yeye ndiye aliyenionyesha kwenye simu kwamba nyumba inauzwa. Akanisomea: nyumba ya kihistoria yenye kuta nene, mnara, matundu asili ya bunduki, na tangi la chini ya ardhi lisilokauka. Lisilokauka! Kama kwamba linajijaza lenyewe na kujiosha lenyewe. Nimeliosha tangi hilo zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kuliona likishika brashi.

Nyumba yenyewe mnaijua. Ukitoka Makindu kama unaenda Kiboko, unaacha lami, unapanda kilima cha mawe meusi. Mzungu aliyeijenga alikuwa mtu wa mkonge, na alikuwa mwoga. Alijenga kuta ambazo punda anaweza kulala ndani ya upana wake, akatoboa matundu membamba ya kutolea mtutu wa bunduki, yote yakitazama vijiji vyetu. Aliwaogopa watu wale wale waliompikia. Mawe alibebewa na nyanya yangu kwa mgongo, kamba ya kiondo ikimkata paji la uso. Alama hiyo alikwenda nayo kaburini.

Na kwa sababu mwoga anawaza kuzingirwa, alichimba tangi katikati ya ua ili asihitaji kutoka nje kutafuta maji. Paa ni bapa, la chokaa, linainama kidogo kuelekea pembe moja. Mvua inashuka hapo, inaingia kwenye mtaro, inapita kwenye chujio, yaani sanduku la kokoto, mchanga na makaa, kisha inatumbukia tangini. Kazi yetu ilikuwa mambo matatu. Kwanza, kufagia paa kabla ya mawingu ya Oktoba. Pili, kuziba mdomo wa mtaro kwa kizibo cha mti kilichofungwa gunia, ili mvua ya kwanza imwagike nje. Hiyo ni mvua ya kuosha, imebeba vumbi la miezi mingi na mavi ya njiwa. Mtu mwenye pupa akiona mvua anataka kuikinga yote, na huyo ndiye atakayekiharisha kijiji kizima. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuingia ndani mwezi wa tisa maji yakiwa yamebaki ya kisigino, kukwangua kuta, kuteka tope na kulipandisha karai kwa karai.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Memsahib, mjane wa mtoto wa yule mjenzi. Wafanyakazi wake wa kiume walikataa kuingia tangini. Walisema kuna joka. Joka la nini? Walikuwa wavivu. Basi mama yangu, aliyekuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana na kujengeana, akaenda mlangoni akamwambia, "Sisi tutaosha. Lakini anayeosha anateka. Kiangazi chote, kila nyumba iliyotoa mtu iteke hapa."

Memsahib akakuna shingo. Mtoni ni mwendo wa nusu siku, na alijua. Akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mimi hapana taka miguu ya watu kwa ua yangu. Maji natoka inje. Nyinyi nakaa inje."

"Tutakaa nje," mama akasema. "Hatukuja kukuona wewe."

Ndivyo bomba lilivyopitishwa kwenye tundu la bunduki lililo chini kabisa, upande wa mashariki kilima kinakoshuka, maji yakatiririka yenyewe toka tangini. Halikuwa sadaka. Yalikuwa makubaliano ya watu wawili wasiopendana, na yalidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Memsahib alipoondoka, kampuni ya mkonge ikachukua, na tukaletewa Meneja. Huyu alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwenye soksi ndefu, na alipenda kuandika kila kitu. Alichimba kisima cha mashine kwa kelele za wiki mbili. Maji yakatoka, wote tukapiga makofi. Meneja akajaza kikombe, akanywa mbele ya watu, akasimama tu na mashavu yamevimba.

"Meneja, meza," mama akamwambia. "Watu wanakuangalia."

Akayatema. Maji ya chumvi. Ng'ombe wenyewe wanayakunjia pua. Meneja akanigeukia, "Wewe binti, tangi lina kiasi gani?" Nikamwambia bila kwenda kupima, kwa sababu niligonga bomba kwa jiwe nikasikiliza. Bomba likilia kavu, maji yameshuka. Likijibu kwa sauti nzito, yapo. Kuanzia siku hiyo aliniita Msimamizi wa Tangi, akaniandika hivyo kwenye karatasi, na mama alipofariki nikashika pia uongozi wa mwethya. Najivuna, ndiyo. Nani mwingine aniandikie sifa?

Kampuni ikafa, mkonge ukageuka kichaka, Meneja akaenda kwao. Sisi tukaendelea. Kila mwezi wa tisa tuliosha, kila kiangazi tuliteka. Askari wa lango alikuwa akitufungulia bila kuuliza, kwa sababu na yeye alikunywa. Magoti yangu yaliponikatalia kamba, nikastaafu kuingia, nikabaki wa kuamuru kutoka juu. Makalio pia yalikuwa yameshaamua.

Halafu mwaka huu akaja Ajenti.

Ajenti ni kijana wetu, Mkamba kabisa, amevaa viatu vilivyochongoka. Wenye nyumba wako mbali, wamempa kazi ya kuiuza. Siku ya kwanza alinishika mikono miwili. "Susu! Nimesikia wewe ndiye historia yenyewe." Susu kwetu ni nyanya, na mtu halipi chochote kwa kuniita hivyo.

Wiki iliyofuata aling'oa bomba. Si kwa kuwa limeharibika! Alisema wanunuzi wanapenda vitu asili, na lile tundu asili yake ni bunduki, bomba linalichafua. Akalisugua tundu kwa brashi ya waya, akapigilia kibao kidogo kando: TUNDU LA BUNDUKI. Mwende akanisomea. Nikamwambia asome tena, nikidhani amekosea.

Nilikwenda kwa miguu yangu mibovu. "Kijana, unajua hilo tundu lilitobolewa limpige nani?"

"Ni historia, susu."

"Limpige babu yangu. Na babu yako, kama alikuwa na ujasiri wa kupita huku. Sisi tulilifanya linyweshe watoto, wewe umelirudisha kwa mtutu."

"Susu, kuna karatasi yoyote inayosema mna haki ya maji?"

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga bakora. Karatasi! Nikamwonyesha mikono, chokaa ilivyonila kucha. Akapiga picha. Akasema itapendeza kwenye tangazo.

Tukakutana mwethya, tukakata shauri: hatuoshi. Hakuna wa kutoa brashi, hakuna wa kutoa ujuzi. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Wanawake walikuwa wakiamka kwenda kuchimba mchanga wa mto, wenye nguvu ya kununua walinunua kwa mkokoteni wa punda. Mbithe, jirani yangu mwenye mapacha, alikuwa akiwaogesha wote wawili kwa maji ya bakuli moja. Nikaapa sitakanyaga ua ule tena.

Kiapo changu kilidumu siku tisa. Mbithe alikuja mbio akihema. "Mwaitu, mama yangu, Ajenti ameleta mafundi wawili na pampu ya petroli. Wanunuzi wanakuja leo. Wanataka kuosha tangi, na pampu wanaishusha humo humo ndani!"

Nitasema ukweli. Kuna sauti ndani yangu iliyosema, waache. Waache waingie, wajue kama tangi linajiosha. Kisha nikaona mama za wale mafundi, wanawake nisiowajua, wakipigiwa simu. Nikachukua koroboi na kamba.

Sasa nawafundisha lile nililowaficha mpaka hapa, kwa sababu linataka kusikilizwa peke yake. Tangi lililofungwa miezi mingi linaoza pumzi. Tope linakula hewa nzuri, linaacha mbaya. Huioni, hainuki. Kabla mtu hajaingia unashusha koroboi inayowaka. Ikizimika, wewe pia utazimika. Na injini ya petroli ukiiweka humo, umechimba kaburi lenye bomba.

Nilimkuta fundi mmoja ameshaingiza mguu, pampu imefungwa kamba tayari. "Toa mguu!" nikapiga kelele.

"Susu, usijali, tuko na tochi."

"Tochi haizimiki kwa kukosa hewa, mjinga wewe! Toa mguu nisije nikaukata!"

Akautoa, akicheka. Nikawasha koroboi, nikaishusha. Ilipofika urefu wa mtu mmoja na nusu, moto ukajikunyata, ukawa wa buluu, ukafa. Nikaipandisha, nikaiwasha, nikaishusha tena. Ikafa pale pale. Fundi aliacha kucheka. Akakaa chini kwenye mawe, akasema polepole, "Mke wangu ana mimba."

Ajenti akanigeukia. "Sasa, susu, tufanye nini?"

"Mifuniko yote miwili, wa mdomo na wa upande wa chujio, iwe wazi siku mbili. Mpepee na blanketi lililoloa. Pampu ibaki juu. Hayo nimewapa ili msife. Ya kuosha sijawapa." Nikafunika mdomo wa tangi, nikakaa juu ya mfuniko. "Rudisha bomba."

"Hilo tundu ndilo linalouza nyumba!"

"Basi uza tundu. Tangi nimelikalia."

Gari la wanunuzi likaingia tukiwa hivyo. Bwana mnene mwenye sauti ndogo, na mkewe aliyevaa kofia pana. Ajenti akawakimbilia na meno yote nje. Mama yule akauliza kwa nini kuna bibi amekaa chini juani. "Huyu ni sehemu ya historia ya nyumba," Ajenti akasema.

"Mimi si ukuta," nikajibu. "Nina jina na nina hasira."

Yule bwana akauliza habari ya kisima. Nikamwambia aonje. Mafundi wakachota, akaonja, akafanya mashavu kama ya Meneja, akayatema. Mkewe alikuwa mwerevu. Hakuangalia mnara. Aliangalia mfuniko niliokalia, akaniuliza, "Mama, hili tangi huoshwa na nani?"

Ajenti akafungua mdomo. Nikanyoosha bakora kuelekea lango. Wanawake wa mwethya walikuwa wamenifuata, wamesimama nje ya vyuma vyake na mitungi mitupu, Mbithe mbele na pacha mmoja mgongoni.

"Hao," nikasema. "Na mume wako akinunua bila hao, atakunywa hicho alichokitema."

Mama yule aliihesabu mitungi kwa macho. Akamwambia Ajenti, "Hukutuambia kuna watu." Wakaondoka bila kuona chumba hata kimoja.

Ajenti alinilaumu mpaka povu likamtoka, kwamba nimemharibia soko. Nikamwambia soko lililoharibiwa na ukweli lilikuwa limeoza kitambo. Lakini alikuwa na wanunuzi wengine wa kuwaonyesha, na tangi chafu. Siku ya tatu bomba lilirudi. Alilishika yeye, fundi akakaza. Kibao alikitoa. Tukalipepea tangi siku mbili, tukaosha.

Msidhani nimeshinda. Nyumba bado inauzwa. Juzi aliniletea karatasi ya Kiingereza niweke kidole, eti ya kawaida tu. Mwende akanitafsiria: hakuna mtu wa nje mwenye haki yoyote ndani ya shamba hili. Nikamrudishia. "Niletee nyingine inayosema wapo. Hiyo nitaiwekea vidole kumi." Mpaka leo hajaileta.

Kwa hiyo, wasichana, msiniambie mnangoja serikali iwaletee bomba, wala msingoje nife ndipo mjue kufunga kizibo. Jumamosi njooni na nguo mbovu, nyembamba wote. Karatasi hatuna. Tuna kazi, na lazima iwe ndani ya mikono mingi, ili atakayeinunua nyumba, hata awe nani, asipate mtu mmoja wa kumnunua pamoja nayo.

Leo asubuhi nilikuwa wa nne kwenye foleni. Walitaka kunipisha mbele kwa ajili ya magoti. Nikakataa, nikasukuma mtungi wangu kwa mguu, nikangoja zamu yangu.