Kadi ya Sauti Niliyomchagulia Baba

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakilalamika kwa simu, na spika za ofisini kwetu ni kuukuu. Zikiwashwa kabla mtu hajasema neno, hutoa mvumo mrefu, shhhh, kama mafuta ya chapati kwenye kikaango. Wenzangu hawaujali. Mimi huuzima mara moja, hata kabla sijavua koti, kwa sababu ninaujua. Tuliishi nao nyumbani, na ni mimi niliyeuleta. Nimechoka kukaa na habari hii peke yangu, kwa hivyo leo wacha niwaambie ninyi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Kayole, orofa ya tatu, vyumba viwili, ngazi zikinuka mafuta ya taa na kabeji za watu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mikebe kule Industrial Area. Mashine yake ilikata mabati kutwa nzima, na alipofika nyumbani alikaa kwenye kiti chake kimya, mikono magotini, akatutazama midomo tulipozungumza. Redio yetu ilipigwa kwa sauti kubwa hata Mama Njoki wa orofa ya pili hakuhitaji kununua yake. Majirani walisema Baba ana maringo, maana wakimsalimu kwenye ngazi wakati mwingine haitikii. Mimi pia niliamini ni maringo, na kusema kweli nilijivunia kidogo.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na akiinua mkono, akina mama wa soprano, ambao wiki nzima hawakuishiwa maneno, walinyamaza wote kwa pamoja. Mwaka ule ikatangazwa kwamba kila kwaya inayotaka kuimba katika tamasha la makanisa ipeleke kaseti ya nyimbo tatu. Rekoda ya kanisa ilikuwa na tabia ya kumeza kaseti na kutema utepe. Kwa bahati, makarani wa kiwandani walikuwa wamebadilishiwa kompyuta, na Baba akapewa moja ya zile za zamani, imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Fundi mmoja alimwambia kwamba akiitia kadi ya sauti na kuiunganisha na maikrofoni, ataweza kurekodi wimbo, kuufuta na kuurudia hadi utoke safi, kisha auhamishe kwenye kaseti. Alitueleza haya akila ugali, uso umemchangamka kuliko siku zote. Mama alimwongezea mboga.

Kaka yangu Kyalo, aliyekuwa kidato cha pili, alisikia maneno "kadi ya sauti" na akili yake ikakimbilia kwingine. Kompyuta ile ilikuwa na gemu ya mbio za magari, lakini bila kadi magari yalipita kimya, na yakigongana ilitoka "piip" moja ya aibu. Kyalo alikuwa ameonja gemu yenye sauti kwa rafiki yake, na tangu hapo hakuwa na raha.

Jumamosi Baba alituchukua sisi wawili mpaka duka moja la kompyuta mjini, la juu, jembamba, lenye harufu ya vumbi lililopata moto. Kabla hatujaingia, Kyalo alinivuta kando kwenye ngazi.

"Baba akikuuliza, sema ile ya gemu. Ukisema ingine hutawahi gusa hiyo kompyuta, walai."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Wewe sema tu."

Muuzaji alikuwa kijana mwenye bisibisi sikioni. Alitia kadi ya kwanza. Iliuzwa pamoja na diski ya gemu na kijiti cha kuendeshea magari, na injini zilipowashwa meza yenyewe ilitetemeka. Kyalo akafumba macho kama anayeombewa. Baba akasema, "Sasa irekodi mtu." Akasogea kwenye maikrofoni, akaimba do-re-mi kwa besi yake. Sauti iliporudi ilikuja imefunikwa na mvumo, shhhh, mwanzo hadi mwisho.

Kadi ya pili haikuja na chochote. Magari yake yalinguruma kinyonge, kama yamechoka. Lakini Baba alipoimba ikamrudisha alivyo, hata ile pumzi aliyovuta kabla ya "do" niliisikia, na nywele za mkono zikanisimama.

"Rudia," Baba alisema. Kijana akarudia zote mbili. Baba aliinamisha kichwa, upande huu, kisha upande ule. "Rudia tena." Halafu akanigeukia.

"Mwende, mami, wewe unaimba alto. Ipi ni safi?"

Kyalo alikuwa amenikanyaga mguu. Kijana alipekuapekua karatasi zake, maana hilo halikumhusu, kadi ni kadi.

"Ya kwanza, Baba."

"Una hakika?"

"Eeh. Ina nguvu."

Akanishika kichwa, akalipa, akatununulia soda. Niliinywa yote, na ilikuwa tamu. Ningependa kuwaambia kwamba ilinikwama kooni, lakini haikunikwama.

Kompyuta ilipelekwa kanisani kwa mkokoteni, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tuliimba mpaka miguu ikavimba. Kila tulipomaliza wimbo, Baba aliusikiliza na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi," alisema. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwenye spika na nilisikia mvumo umewafunika soprano kabisa. Wengine walikuwa nyuma, wakinywa maji na kupiga soga. Nilijua nikitamka neno, kadi itarudishwa dukani, na wiki ile ndipo nilipoanza kumshinda Kyalo kwenye kona za gemu. Nikaenda kunywa maji na wenzangu.

Jumapili, baada ya ibada, kaseti ilichezwa mbele ya wazee wa kanisa na kwaya yote. Wimbo wa kwanza haukufika nusu watu wakaanza kutazamana. Soprano mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bi Ruth, katibu wa kwaya, mwanamke mpole asiyependa kumwaibisha mtu, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, hukusikia huo mvumo?"

Baba alimtazama midomo. Kisha akawatazama wanaume watatu wa besi waliosimama ukutani, watu wa kiwanda kimoja naye.

"Niliusikia," akasema. "Niliupuuza."

"Labda ni kadi yenyewe," akasema mmoja wa wale watatu. "Si ungerudisha tu hiyo kitu?"

"Kadi haina kosa. Mwende aliisikiliza dukani, akaipenda. Kosa ni langu."

Watu wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa na nafasi hapo, ndefu tu, ya kusema maneno matatu. Nikatazama viatu vyangu. Kaseti haikupelekwa popote, na wiki iliyofuata Baba akamkabidhi Bi Ruth faili la nyimbo, akasema kazi ya kiwandani inamchosha. Mimi na Kyalo tulicheza ile gemu miezi mitatu, kisha tukaichoka.

Mengine nilielezwa na Mama, baada ya kumzika Baba. Mashine ilikuwa imeanza kumla masikio kabla hata sijaanza shule, na sauti nyembamba, kama ule mvumo, ndizo zilizotangulia kumtoka. Kiwandani, mtu aliyeshindwa kusikia kengele ya hatari alipewa mshahara wake wa mwisho akaenda zake. Kwa hivyo alificha, na zaidi ya wote aliwaficha wale watatu wa besi. Afadhali waseme mwalimu ni mzembe kuliko wajue ni kiziwi. Asubuhi ile ya kwenda dukani alikuwa amemwambia Mama, "Naenda na Mwende. Huyo ndiye masikio yangu." Na kwa kuwa aliyaamini masikio yangu, mvumo ulipotajwa hakuwa na mwingine wa kumlaumu ila nafsi yake. Alidhani masikio yake yamekwisha kabisa. Mama aliniambia haya akichambua mchele, hakuinua macho, wala sikumwambia upande wangu. Mpaka leo sijamwambia.

Baada ya kuacha kwaya, Baba aliketi benchi la tatu kila Jumapili, na tuliposimama kuimba alinikazia macho mimi peke yangu katika safu ya alto. Wenzangu walinitania kwamba baba yangu habandui macho kwangu. Niliona ni fahari ya mzazi, nikawa nafungua mdomo vizuri ili anione. Alikuwa akingoja midomo yangu ianze, ndipo naye ajue wimbo umeanza.